Nyimbo na Michezo ya Kuchekesha katika Redio Yetu: Maneno ya Katekista katika Siku ya Jubilei





Kamati ya Jubilei imetuomba tuseme maneno machache juu ya ile saa moja ya Jumamosi magharibi ambayo ninyi nyote mnaijua, wakati redio ya jamii inapopokea sauti kutoka ukumbi wa parokia: gitaa, ngoma, kwaya ya wamama, na mchezo wa kuchekesha wa vijana. Wengine kati yenu wanashangaa kuona katekista amepewa kazi hii, wala si kiongozi wa vijana. Sisi wenyewe tulishangaa. Sababu yake mtaisikia mbele kidogo, nayo haituletei sifa.

Jambo hili halikuzaliwa kwetu. Katika Katanga gitaa na kicheko ni ndugu wa zamani. Mwaka wa 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akazitia nyimbo zake katika sahani. Mmoja wao, «Masanga», ulisikilizwa mbali sana na inchi yetu. Jamaa yake, Edouard Masengo, aliimba pamoja na JECOKE, kundi la vijana wa Elisabethville waliochanganya wimbo na uchekeshaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 gitaa la Katanga lilikuwa limekwisha kufika Nairobi, ambako hata Coca-Cola na Aspro zilipata waimbaji wake. Kwa upande wa Kanisa, wazee wanakumbuka Kamina, mwaka wa 1958, Padri Guido Haazen na kwaya yake wakiimba Missa Luba. Na tarehe 4 Desemba 1963 Mababa wa Mtaguso walitoa hati yao Inter Mirifica, wakiwahimiza wakristu watumie redio, sinema na teatro kwa kazi njema. Sisi tuliisoma hati hiyo; lakini kusoma na kufahamu si jambo moja.

Hata hivi, mwalimu wa kweli wa vijana wetu ni kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Bwana Kyembe Kaswili, aliyejulikana kwa watu wote kwa jina hilo la Mufwankolo, pamoja na wenzake, walicheza katika redio na kisha katika televizyo, kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa sokoni na kwenye bomba la maji. Hawakuandika maneno yao. Walipatana kwanza juu ya fundisho, wakagawa sehemu, wakapanga nani aingie na nani atoke. Halafu kila mmoja alijitafutia maneno yake mwenyewe, mbele ya watu.

Mwaka wa 1986 mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alikuwa Lubumbashi. Alikuwa amepewa firigisi ya kuku mezani, akaambiwa kwamba kitu kile hakikatwi kugawanywa, kwani utawala huliwa mzima. Neno lile likamkaa moyoni. Akaenda kuwauliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Wao hawakumjibu kwa maelezo: wakafanya mchezo mzima juu ya neno hilo, wakaucheza katika kijiji cha Kawama, wakionyesha sultani na watu wake. Kumbukeni kwamba ulikuwa wakati wa chama kimoja. Kuuliza kwa sauti namna gani utawala unaliwa halikuwa jambo jepesi. Lakini ni nani angeweza kukamata kijiji cha mchezo? Fabian aliyaandika yote katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1990, na hivi maneno ambayo hayakuandikwa kamwe na wenyewe yakapata kulindwa.

Vijana wetu walifuata njia ile ile. Mikro ni mbili tu: moja ya gitaa, moja ya wachezaji, na anayekasirika katika mchezo sherti akumbuke kurudi nyuma hatua mbili, ama sivyo ataumiza masikio ya mji mzima. Kwa kuwa redio haina macho, mlango hufungwa kwa ubao, na foufou husongwa kweli ndani ya chungu. Gitaa hupigwa kati ya sehemu na sehemu, ili msikilizaji ajue kwamba tumetoka nyumbani na kufika hospitali. Umeme ukikatika, kwaya huendelea kuimba gizani mpaka mashine iwashwe; hakuna anayewasikia isipokuwa sisi tulio ukumbini, na mara nyingi hizo ndizo nyimbo nzuri kupita zote.

Sasa tufike kwenye neno letu.

Jumamosi moja tulikuwa tumekaa nyuma, karibu na mlango. Katika mchezo, mama mmoja mjane alipiga magoti kuomba: «Ee Mungu, mutoto yangu iko mugonjwa…» Mara akaingia mtu mwenye kalamu tatu mfukoni: «Hapana, mama! Mtoto *wangu*. Mtoto wangu *yu* mgonjwa. Anza tena.» Mama akaanza tena. Yule mtu akamkata tena, na tena, kila neno. Ukumbi ulicheka hata gitaa halikusikilika. Mwishoni mama akasimama, akakung'uta kitenge chake, akasema: «Baba katekista, basi uombe weye. Miye naenda kutafuta Mungu mwenye kusikia Kingwana.»

Sisi hatukucheka. Kalamu tatu zilikuwa mfukoni mwetu. Tulikuwa tumefanya vile kweli, miaka miwili mbele yake, katika sala ya jumuiya, kwa mama mzee aliyemwombea mjukuu wake. Tulijifunza Kiswahili sanifu katika seminari ndogo, kwa fimbo wakati mwingine, na tulidhani kwamba Mungu naye aliketi darasani pamoja nasi. Tangu siku ile mama huyo hakuomba tena kwa sauti. Sisi tulisema rohoni kwamba ana haya.

Tulikwenda kwa Baba Paroko usiku ule ule, tukamwomba azuie mchezo ule usirudiwe siku ya Jumatano. Alituuliza: «Je, walitaja jina lako?» Tulijibu: «Hapana, Baba.» Akauliza tena: «Basi ni nani aliyekuambia kwamba ni wewe?» Tukanyamaza. Siku ya Jumatano mchezo ulirudiwa, na nyumbani kwetu watoto waliusikiliza, wakatutazama, wakatazama chini.

Ilitupasa siku nane ili tufike mlangoni kwa mama yule. Alikuwa akipanga makala yake katika mafungu. Tulitengeneza maneno mazuri njiani, tukayasahau. Tulisema tu: «Mama, tunakuomba musamaha kwa ajili ya sala ile.» Hakuwa amesikiliza redio, ilitubidi tumsimulie mchezo wote sisi wenyewe, pamoja na kalamu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema: «Mutoto alipona, baba katekista. Mungu alinisikia mbele ya weye kunisahihisha.»

Hiyo ndiyo sababu Kamati ilituchagua. Wengine wametuuliza kama tutaendelea kufundisha Kiswahili sanifu. Ndiyo, tutaendelea, kwani Masomo ya Misa yameandikwa hivyo, nanyi mnasikia kwamba hotuba hii nayo tumeiandika hivyo. Mtu hawezi kuvua kanzu yake yote kwa siku moja. Lakini katika sala za jumuiya tumeacha kalamu nyumbani.

Tuliambiwa tusipite robo saa. Vijana wamekwisha kutia gitaa sauti, na mchezo wao wa leo hatukuambiwa unahusu nani. Mama yule ameketi katika mstari wa kwanza, na yeye ndiye atakayefungua kipindi kwa sala. Tunampisha.