Mbwa Aongozaye Kipofu, na Mfanya Kazi Aliyeumia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Nairobi)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya mbwa wanaowasaidia watu wenye ulemavu. Twajua wengine watacheka. Sisi wa Nairobi tukisikia mbwa twakumbuka kibao cha "Mbwa Kali" kwenye malango ya Lavington na Westlands, na atokaye Kangemi au Kawangware alfajiri kwa miguu anajua kwamba mbwa ni wa kukimbiwa. Lakini huyu tunayemsema leo ni mfanya kazi, tena ana nidhamu kuliko baadhi yetu.

Kazi yake ilizaliwa na vita. Mwaka 1916, mjini Oldenburg, Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Mwaka 1928 Mmarekani kipofu, Morris Frank, alirudi kwao na mbwa jina lake Buddy, aliyefundishwa Uswisi, akavuka naye barabara za New York mbele ya waandishi wa magazeti. Uingereza walianza mwaka 1931 na mbwa wanne.

Mtu asidhani kwamba mbwa ndiye ajuaye njia ya kwenda posta. Hasha. Njia anaijua kipofu mwenyewe. Yeye ndiye asemaye kulia, kushoto, mbele. Mbwa hutazama yaliyo karibu: nguzo, ngazi, mtaro ulioachwa wazi. Sisi wa reli tutaelewa upesi. Dereva anaijua safari yake, lakini ishara ikiwa nyekundu husimama. Basi mbwa akiambiwa "mbele" na gari linakuja, hukataa kuondoka. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote, kutii siku zote na kuikataa amri ya hatari. (Wako wasimamizi ambao lingewafaa pia.) Taa za barabarani mbwa hazisomi, mwenye mbwa husikiliza mwendo wa magari. Sasa fikirini Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni, pikipiki zimepanda njia ya miguu!

Wako na wengine wanaomwamsha kiziwi kengele ikilia, au kumwokotea kitu mtu wa kiti cha magurudumu. Kumfundisha mbwa mmoja huchukua miezi mingi na fedha nyingi, kwa hiyo wengi wetu hatujapata kumwona, na kwa vipofu wengi wa kwetu fimbo nyeupe ndiyo mbwa wao. Lakini mkimwona amevaa mkanda wenye mpini mgongoni, yuko zamu. Msimpigie mluzi, msimtupie mfupa, msimguse kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Ndugu zetu Waislamu wana neno juu ya mate ya mbwa, nalo ni la kuheshimiwa. Hata hivyo, mwaka 2008, mjini Leicester, Uingereza, wanazuoni walikubali kijana kipofu Mwislamu afike msikitini na mbwa wake, na mbwa akawekewa mahali pake pa kungojea. Watu wakikaa na kusemezana, njia hupatikana.

Sasa mtauliza, hili lahusu nini chama cha wafanya kazi? Kumbukeni tarehe 7 Agosti 1998, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, karibu kabisa na stesheni yetu. Watu zaidi ya 200 walikufa hapa Nairobi. Wengi maofisini walisikia mshindo wa kwanza, wakaenda madirishani kutazama. Bomu kubwa likalipuka, na vioo vikawaingia machoni. Walikuwa makarani, matarishi, wapishi wa chai. Asubuhi walikwenda kazini wakiona, jioni hawaoni.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema aliyelemaa kabisa kwa ajali ya kazi alipwe mshahara wa miezi 96, na yataja pia gharama za miguu ya bandia, magongo na vifaa vingine vya namna hiyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupanda magari ya watu wote. Ni maneno mazuri. Lakini miezi 96 ni miaka minane tu, na mtu wa miaka thelathini na mitano aliyepofuka ana maisha marefu mbele yake. Ahitaji kazi, si hundi peke yake. Mwajiri akisema, "Utafikaje hapa?", chama kiwe na jibu lililoandikwa.

Kwa hiyo twaleta hoja mbili. Kwanza, katika makubaliano na waajiri kiwekwe kifungu kwamba mwanachama aliyepofuka au kulemaa kazini arudishwe kwenye kazi aiwezayo, na aruhusiwe kuingia na fimbo, msaidizi au mbwa wake. Pili, magadi na makarani wa tiketi wa njia ya Kibera, Dagoretti na Kikuyu waelezwe kwamba mbwa wa namna hii hupanda behewa pamoja na mwenyewe. Wenye maneno ya kuongeza wampe katibu kwa maandishi kabla ya mkutano ujao.