Njia Tunayoichonga Jabal Akhdar

Hotuba ya kamati ndogo ya afya na michezo katika sherehe ya Uhuru



Tunaosimama hapa ni wauguzi wa chama pamoja na vijana wanaoongoza safari zetu za baiskeli za mlimani. Wengi wetu wauguzi tulivalia joho la shahada ugenini, na ugenini ndiko tunakofanya kazi. Kwa hiyo tukizungumzia miili ya watu wanaoishi mbali na kwao, tunasema tunachokiona wodini kila siku.

Tunachokiona ni hiki. Mtu amefika Oman akiwa mzima, na baada ya miaka michache ana presha au sukari. Nyumbani alikwenda sokoni kwa miguu. Hapa anatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba na kuingia kwenye kiyoyozi cha gari. Watoto ndio zaidi, maana kiangazi cha Maskati hakimruhusu mtoto kucheza nje mchana. Ndiyo sababu tulianza kupanda mlimani wikiendi za Ijumaa na Jumamosi.

Kutoka Maskati hadi Birkat al Mouz ni yapata kilomita 140. Pale chini polisi huruhusu kupanda magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu, kwa ukali wa barabara. Ukifika uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba mtoto anadai sweta mwenyewe. Aprili wenyeji huchuma waridi, na joto likianza kupungua huvuna komamanga.

Watoto, tega sikio. Mlima huu unajulikana na waendesha baiskeli wa dunia nzima. Mashindano ya Tour of Oman yalianza kuupanda mwaka 2011, na kilomita 5.7 za mwisho zina mwinuko wa wastani unaozidi asilimia 10. Mwaka 2014 aliyeshinda hapo ni Chris Froome. Huyo alizaliwa Nairobi, na baiskeli ya mlimani alifundishwa na David Kinjah, katika vumbi la Kikuyu, nchini Kenya. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba mchezo huu si wa watu wa kwetu.

Sisi hatushindani kwenye lami. Tunatengeneza kipande cha njia ya zamani ya punda, kilichokuwa kimeporomoka, ili miguu na baiskeli vipite. Kabla ya kugusa jiwe tulikwenda kuomba ruhusa kijijini. Tukamwamkia mzee mmoja kwa Kiarabu chetu cha kubangaiza, naye akatujibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chetu. Ruhusa tuliipata kwa masharti matatu: tusikatize kwenye bustani za matuta, tusiguse falaji, na tupite tukiwa na staha ya mavazi na sauti. Masharti hayo ndiyo sheria ya kazi hadi leo.

Kuchonga njia kuna elimu yake. Adui wa kwanza ni maji, hata katika nchi kavu kama hii. Mvua ya saa moja hushuka wadini kama ukuta, na njia iliyopanda mlima moja kwa moja hugeuka mfereji. Kwa hiyo tunaikata njia ubavuni mwa mlima, na mwinuko wake hauzidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe. Kwa wastani tunajitahidi usizidi asilimia 10. Ukingo wa bondeni tunauinamisha kidogo ili maji yavuke njia badala ya kutembea nayo. Na kila baada ya hatua kadhaa tunaishusha njia kidogo kisha tunaipandisha tena, ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Penye poromoko tunapanga mawe bila saruji, jiwe kubwa chini, kila jiwe likikalia mawili. Mizeituni pori hatuikati. Njia ndiyo inayouzunguka mti.

Vifaa ni sururu, mtarimbo, chepe na karai. Wazee wa Tanga na Kilimanjaro wanaijua kazi hii kwa jina la msaragambo. Wazee wa Uchagani, mlipoiona falaji mara ya kwanza mlisema, "Mbona huu ni mfongo?" Ni kweli. Pale na hapa, watu wa mlimani waliyaongoza maji kwa mikono yao na wakapangiana zamu za kumwagilia.

Sasa tuseme lililo mioyoni. Msimu uliopita mtoto wetu mmoja alianguka akavunjika mtulinga. Amepona, na yumo ukumbini. Lakini wapo wazazi wanaotaka safari hizi zisimame, na hofu yao hatuidharau. Sisi ndio tuliomfunga mkono kwa kitambaa na kushuka naye hospitali. Tunachosema ni kwamba mtulinga wa mtoto huunga kwa wiki chache, ila sukari ikishaingia mwilini kwa mtu mzima huwa ni ya kuishi nayo. Hatari ya kupanda tunaiona kwa sababu ina kelele. Hatari ya kukaa inakuja kimya.

Kwa hiyo tunaomba safari ziendelee kwa masharti. Asiye na kofia ngumu hapandi baiskeli, awe mtoto au mwenyekiti. Kila mtu abebe maji yake na anywe kabla ya kiu, maana hewa ya juu ni kavu na jasho halionekani. Mwenye presha au sukari apimwe na sisi kabla ya kupanda, na dawa zake aje nazo. Wingu likionekana upande wowote wa mlima, hakuna kushuka wadini. Na kila safari iwe na wauguzi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Wengine wameuliza, kwa nini tutoe jasho kwenye ardhi isiyo yetu, na mikataba yetu ni ya miaka miwili miwili? Ni swali la haki. Zipo familia ambazo hazitakuwa nasi Desemba ijayo. Lakini usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoweka Mwenge kileleni Kilimanjaro, hakuuweka ajimulikie mwenyewe. Na waliochimba mifongo hawakunywa peke yao. Watoto hawa wamezaliwa na kukulia hapa. Wakiondoka, wajue kwamba wazazi wao hawakuja Oman kutuma pesa tu. Pamebaki kipande cha njia anachopita mtoto wa kijiji akienda shambani kwa babu yake.

Tulipewa Uhuru na Kazi pamoja. Wikiendi ya pili ya Januari tunapanda tena. Bado tuna mita 40 za mawe, na karai zipo za kutosha. Wazazi wenye hofu njooni nanyi, mshike chepe na mwone kwa macho.