Mkono wa Serikali

Ndugu wafanyakazi,

Wako wasemao kuwa mali hujiendea yenyewe, serikali haina mkono. Sisi wa Garissa tunajua sivyo. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waziri wa Mipango alikuwa Tom Mboya, mtu aliyetoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi. Waraka ulisema fedha za maendeleo ziende zitakakozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwetu ni ngamia, ng'ombe na ukame. Fedha zikapita kando. Mwenye mali hakuja, na kazi haikuja.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza neno hilo. Kifungu cha 204 kiliweka Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Muda wake ni miaka 20.

Basi ndugu, serikali huchimba mfereji, mali hufuata. Tusiukodolee macho tu. Tuulize kila mwaka: fedha zimefika? Nani amepewa kazi, na kwa mshahara gani?

Umoja ni nguvu.