Hotuba Juu ya Waliopoteza Upande Mmoja wa Kuona



Mmeniruhusu niseme juu ya watu ambao si vipofu, wala hawaoni sawasawa. Baba yangu mdogo ni mmoja wao, nami naanza kwake, maana kwake ndiko nilikojifunza. Yeye ni seremala. Alipopatwa na kiharusi, mkono wake ulipona baada ya majuma machache, tukashukuru. Lakini akawa anajigonga mlangoni, na kila mara ni bega la kushoto. Wazee waliomsalimu kutoka upande ule hakuwajibu. Wakasema ameota kiburi. Wengine wakasema ni pombe, naye hajapata kuionja. Sisi nyumbani tulichanga fedha tukamnunulia miwani. Fedha zile zilipotea bure.

Miwani haikufaa kwa kuwa macho yake ni mazima. Kuona hutimizwa katika ubongo, huku nyuma kisogoni. Ubongo wa kulia hupokea habari za upande wa kushoto kutoka kwa macho yote mawili; sehemu ile ikifa, nusu hiyo hutoweka, hata akitazama kwa jicho lo lote. Wala mgonjwa haoni giza pale. Haoni kitu cho chote, ndiyo sababu mara nyingi hajui amekosa nini.

Kuwafunza watu hawa si jambo jipya. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Walther Poppelreuter aliwapima na kuwafunza askari wa Ujerumani waliojeruhiwa kichwani, akachapisha kitabu mwaka 1917.

Kuona kwaweza kurudi kidogo katika miezi ya mwanzo. Baada ya nusu mwaka si jambo la kutumainiwa sana. Wako wanaouza mazoezi ya mashine wakiahidi kuurudisha upande uliopotea. Wataalamu wangali wakibishana, nami nisingetoa fedha za chama kwa hayo. Lifaalo ni kuyazoeza macho: mgonjwa huyatupa kwa haraka, mbali, upande ule asioona kwanza, kisha hurudi akipekua safu kwa safu. Sisi tulitumia sinia na maharagwe. Mimi nilitawanya, yeye akaokota, kila siku, kwa majuma mengi. Kwa kusoma, tuliweka utepe mwekundu pembeni, mstari unapoanzia. Asipouona utepe, ajua hajafika. Aliyepoteza upande wa kulia hupata taabu zaidi, kwani neno lijalo ndilo lililofichika.

Msumeno wa umeme tulimwondolea, na baisikeli pia, akatununia siku tatu. Sasa atengeneza vigoda kwa mkono, na sokoni huenda peke yake.

Basi naiomba halmashauri: mwanachama aliyepatwa na kiharusi akianza kujigonga, alipiwe nauli ya kwenda kupimwa upana wa kuona kabla hajanunuliwa miwani. Na mkimkuta Baba Mdogo njiani, tafadhali simameni kulia kwake mnapomwamkia.