Moto wa Kiangazi

Msikilizaji, Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa siku kadhaa. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, ilisema huenda moto ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Jiko tu hilo!

Wakati wa kiangazi, nyasi ni baruti. Unasafisha shamba? Weka kiberiti kando. Fyeka, lundika, majani yaoze yawe mbolea. Nawe mrina asali, mwenge wako uuzime kwa maji, usiufukie mchangani ukaondoka. Majivu ya mkaa ndiyo yanayodanganya zaidi: juu yamepoa, ndani kaa limelala hadi kesho, upepo uliamshe. Yamwagie maji, yakoroge, yamwagie tena.

Moto ukikuzidi, usikimbilie mlimani, maana moto hupanda mteremko kwa kasi zaidi kuliko unavyoshuka. Kata pembeni, tafuta palipokwisha kuungua au penye udongo mtupu, kisha piga 114, Zimamoto. Simu hiyo ni bure.