Betri Iliyochoka



Jumapili moja ya masika, baada ya Misa kigangoni, tuliitwa upesi kumpelekea mgonjwa Mpako Mtakatifu. Tukaingia garini, tukazungusha ufunguo. Stata ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Waumini walikuwa wangali uwanjani, nasi tukaona haya. Padre asukumwe kama mkokoteni! Basi tukajaribu tena, na tena, hata taa zikafifia.

Kijana mmoja muuza ndizi, ambaye kanisani hatujapata kumwona, akasogea dirishani. "Shikamoo, Baba. Usiwashe tena, unaimaliza. Ikiisha kabisa, hata tukikusukuma hadi mjini haliwaki."

Alisema kweli. Gari la petroli likisukumwa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini badala ya stata. Lakini cheche za kuunguza mafuta bado zahitaji umeme, na mwanzoni umeme huo hutoka katika betri. Stata hula umeme mwingi mno, cheche hutosheka na kidogo. Hicho kidogo ndicho tulichokuwa tukikiteketeza kwa aibu yetu. Ni mara ngapi twafanya hivyo majumbani mwetu! Mume na mke wamenuniana mwaka mzima, baba ameelemewa na madeni, binti analia usiku peke yake. Kila mmoja azungusha ufunguo wake kimyakimya, majirani wasijue. Wajapo kubisha hodi kwetu, taa zimekwisha kuzimika.

Tukawasha swichi, tukakanyaga klachi, tukaingiza gea namba mbili, kwa maana namba moja hulishtua gari na kuyakwamisha magurudumu. Wanaume sita wakasukuma, pamoja na akina mama wawili wa WAWATA ambao hakuna aliyewaomba. Gari lilipopata mwendo wa mtu akimbiaye, tukaachia klachi. Likatikisika, likaunguruma, nasi tukaikanyaga tena upesi lisizime. (Wenye magari ya otomatiki wasijisumbue, hayo hayawashwi kwa kusukumwa.)

Kushuka ili kushukuru hatukuthubutu, tukichelea injini kuzimika. Tuliwaona kiooni tu, wametapakaa tope, wakipunga mikono, na kijana yule ameinama akiokota ndizi zake.

Mgonjwa tulimkuta angali na fahamu. Sala zote alizijibu mwenyewe.