Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu wakati wa sherehe za maadhimisho



Naishukuru Kamati kwa kunialika. Lango la hekalu hili nalijua tangu utotoni, kwani sisi ni majirani, na marehemu mama yangu alinituma mara nyingi kuleta sahani iliyofunikwa kitambaa na kurudi na nyingine. Leo niko nyumbani kwa likizo, nami nimeombwa niseme juu ya kazi ninayoifanya Uingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, yaani uuguzi katika makao ya wazee. Niwieni radhi nikigusa jambo la huzuni katika siku ya furaha. Kila aliyemo humu ana mzee, na wengi wenu mna wazee walio mbali.

Watu wengi huamini kuwa muuguzi wa kweli ni yule wa hospitali. Nami niliamini hivyo. Nilipomaliza masomo yangu hapa Mombasa na kwenda Uingereza mwaka 2003, nilipelekwa katika makao ya wazee nifanye kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa. Niliona nimeshushwa daraja, na barua nilizoandika nyumbani hazikusema ukweli juu ya mahali nilipo.

Nilikuwa nimekosea. Hospitalini, muuguzi akiona jambo asilolielewa hugeuka akauliza: daktari yumo wodini, muuguzi mkuu yuko mezani, maabara iko karibu. Katika makao ya wazee, saa nane za usiku, huenda muuguzi akawa peke yake mwenye taaluma hiyo katika nyumba nzima, yeye na wahudumu wachache. Yeye ndiye anayeamua kama mzee huyu apewe maji tu, au daktari aamshwe, au gari la wagonjwa liitwe. Kazi hiyo haina udogo wowote.

Katika mwaka wangu wa kwanza palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi enzi za ujana wake. Kila jioni alikunywa vikombe viwili vya chai huku akinieleza njia alizoziendesha, kituo baada ya kituo. Jioni moja mhudumu alinijia akaniambia kuwa mzee hakumaliza hata kikombe kimoja, wala hakusema neno. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amelala, uso umetulia. Nikaandika kitabuni: amelala vizuri. Asubuhi aliitwa asiamke. Alipelekwa hospitali akiwa na maambukizi yaliyokwisha kuenea katika damu, na hakurudi kwetu.

Sisemi kwamba angepona, hilo halijulikani. Ninalolijua ni kwamba yule mhudumu aliona, akasema, nami sikuelewa nilichoambiwa. Nilikuwa nimefunzwa kutambua homa ya kijana. Hakuna aliyekuwa amenifunza kwamba mwili wa mzee huweza kuugua sana bila joto kupanda, na kwamba kunyamaza ghafla, kuacha chakula, au kuchanganyikiwa kuliko kawaida huenda ndiyo dalili ya kwanza. Usiku ule hapakuwa na mkubwa wa kumwuliza, na nyumba ile haikuwa na desturi ya kumwachilia muuguzi hata siku moja akajifunze.

Ndugu zangu, ndiyo maana nimekuja kuzungumza juu ya mafunzo na uongozi. Maneno hayo yakitajwa, watu hufikiria vyeti vya kutundika ukutani na vyeo vya kujivunia. Mimi nasema mafunzo ya muuguzi ni sehemu ya usalama wa mzee, kama ilivyo dawa, na kama ulivyo ukingo wa kitanda chake.

Sheria ya Uingereza inalitambua jambo hili kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2016, kila muuguzi sharti athibitishe upya usajili wake kila baada ya miaka 3. Aonyeshe kuwa amefanya kazi kwa saa zisizopungua 450, na amejifunza kwa saa 35, ambazo 20 kati yake amejifunza pamoja na wenzake. Akusanye maoni 5 ya watu juu ya kazi yake, aandike tafakuri 5 juu ya aliyojifunza, kisha akae na mwenzake aliyesajiliwa wazijadili. Utaratibu huo ni mzuri. Hata hivyo, saa 35 zaweza kutimizwa na mtu aliyechoka, mbele ya kompyuta, baada ya zamu, akibonyeza majibu ili amalize. Nyumba yenye muuguzi mmoja kila zamu ikimwachilia siku moja, lazima imlipe mwingine wa kushika nafasi yake, na hapo ndipo mafunzo huahirishwa mwaka hata mwaka.

Zipo nyumba zinazotenda vingine, na kwa muuguzi aliyezipata milango ni mingi. Aweza kubobea katika vidonda vya kulalia, au katika huduma shufaa kwa wanaokaribia mwisho wa maisha, au katika maradhi ya kusahau. Aweza kusoma hadi akasajiliwa kuandika dawa mwenyewe. Aweza kuwa mlezi wa wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kujifunza kwa vitendo. Aweza kuwa meneja aliyesajiliwa, anayewajibika kisheria kwa nyumba nzima. Na aliyetumikia jamii miaka 5 au zaidi aweza kuomba heshima ya kuitwa Queen's Nurse, itolewayo na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1887 kwa ajili ya wauguzi wanaowahudumia watu majumbani.

Mwishoni mwa mwaka 2020, katikati ya janga la Korona lililokuwa limewaua wazee wengi katika makao yao, serikali ya Uingereza iliteua kwa mara ya kwanza Muuguzi Mkuu wa huduma za jamii kwa watu wazima. Aliyeteuliwa ni Profesa Deborah Sturdy. Hatimaye wauguzi wa makao ya wazee walipata mtu wa kuwasemea mahali ambapo sera hutungwa. Nafurahi kwamba kiti hicho kiliundwa. Nasikitika kwamba kilingoja msiba.

Miaka mingi baada ya yule dereva wa basi, katika nyumba nyingine, tulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Ba, kama walivyomwita wajukuu wake. Alizaliwa Jinja, na alikuwa miongoni mwa maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Maradhi ya kusahau yalimnyang'anya Kiingereza kwanza, yakamwachia Kigujarati na Kiswahili cha utotoni. Usiku mmoja mhudumu kijana alinijia akasema: Ba amesukuma chai yake, naye anarudia neno moja nisilolijua. Nilipoingia nilimsikia. "Baridi, mama. Baridi." Na chumba kile kilikuwa na joto la kutosha.

Safari hii nilijua la kufanya. Tulimpima pumzi, oksijeni, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, joto na hali ya fahamu. Tukajumlisha alama kama tulivyofunzwa. Nami nikampigia daktari wa zamu nikiwa na tarakimu mkononi, si hofu tupu. Alitibiwa usiku ule ule, kitandani pake. Juma lililofuata alikuwa akimkemea mpishi kwa Kigujarati kuhusu chumvi.

Mtasema ni Kiswahili kilichomwokoa. Kilisaidia, sikatai. Lakini mimi na yule dereva wa basi tulielewana lugha bila shida yoyote. Kilichokosekana usiku wake ni mafunzo.

Na hapa ndipo ninapouona uongozi. Yule kijana alikuja kuniita kwa sababu nyumba ile ilikuwa imenipa muda wa kuwafunza wahudumu dalili hizo ndogondogo, na kwa sababu alijua kwamba akisema atasikilizwa. Kiongozi wa zamu ni yule ambaye mdogo wake haogopi kumwamsha kwa kikombe cha chai kisichonywewa. Kijana huyo baadaye alisomea daraja la muuguzi mshiriki, lililoanza kusajiliwa Uingereza mwaka 2019. Masomo yake ni ya miaka 2, na wengi huyapata kwa uanagenzi, wakiwa kazini na wakilipwa mshahara. Leo yeye ndiye anayewafunza wanaoingia.

Kabla sijaketi, nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wazazi. Tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, vijana wengi hutamani kwenda. Kabla mtoto wako hajatia saini mkataba, asiulize mshahara peke yake. Aulize: nitafunzwa siku ngapi kwa mwaka, nani atalipia, na usiku nikikwama nitamwita nani? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La pili ni kwa wenye wazee katika makao, yawe Leicester au hapa Pwani. Mkienda kuwatazama, mnakagua chumba, mnaonja chakula, mnauliza kama nyama haichanganywi na mboga. Ni haki yenu, endeleeni. Ongezeni swali moja: muuguzi wa zamu ya usiku ni nani, na mwaka huu amejifunza nini? Nyumba nzuri italifurahia swali hilo.

La tatu ni kwa Kamati. Katika mtaa huu wamo wauguzi, na wamo mabinti wengi wanaowatunza wazee majumbani bila kufunzwa na yeyote. Ukumbi huu una viti, una feni, na chai yenu inajulikana hadi mtaa wa pili. Nawaomba mtufungulie mlango alasiri moja kila mwezi, tukae pamoja, Wahindu na majirani, tufundishane kumtazama mzee. La kwanza nitalifundisha mwenyewe, Jumamosi ijayo, kabla likizo yangu haijakwisha. Nitaanza na kikombe cha chai.